"Kaka, jaribu kubadilisha bando"

Natunza seva ya mteja mmoja mwenye duka la mtandaoni. Siku zote naingia kwa ssh, programu ya kuendesha kompyuta iliyo mbali, kwa amri ndefu kama treni ya mizigo: jina, IP (anwani ya seva), poti (mlango wa kuingilia) 2222, halafu njia nzima ya kufikia ufunguo, yaani faili linalonitambulisha badala ya nywila. IP nimeiandika kwenye kikaratasi, nikakibandika kwenye laptopu. Msinicheke.

Majuzi usiku duka likagoma. Mwenye duka anapiga simu kila baada ya dakika tano. Naingiza amri, seva inanitimua: eti nimeshindwa kujitambulisha mara nyingi mno. Mara nyingi zipi, na ndiyo kwanza nimebonyeza Enter? Nikawaandikia hao wenye seva, tunaowalipa kila mwezi. Kimya nusu saa, kisha: "Kaka, jaribu kubadilisha bando." Nikawatumia picha ya skrini. "Kaka, umewasha data?" Jamani! Sasa hiyo seva imenitimua kwa njia ya posta?

Nimehangaika peke yangu mpaka saa nane usiku. Kumbe mchawi ni ssh-agent, ile programu inayokushikia funguo. Yangu imebeba funguo tisa za kazi za zamani, na huu wa duka haumo. Hata ukiutaja kwenye amri, agent inatanguliza za kwake, moja baada ya nyingine, na kila moja seva inaihesabu kuwa jaribio. Kikomo cha kawaida ni 6. Zamu ya ufunguo wangu haifiki!

Dawa ni mistari hii kwenye faili la ~/.ssh/config la laptopu yangu:

Host duka
  HostName 203.0.113.10
  User msimamizi
  Port 2222
  IdentityFile ~/.ssh/duka
  IdentitiesOnly yes

Huo wa mwisho ndio unaoinyamazisha agent. Sasa naandika ssh duka, nimeingia. Hata scp, amri ya kunakili mafaili kwenda na kutoka seva, inalijua hilo jina. Miaka yote hiyo nimeteseka bure, na kikaratasi nimekichana.

Duka lenyewe? Diski ilikuwa imejaa bekapu. Nilizirundika mimi.

Asubuhi wenye seva wakaniomba niwape nyota. Nikatoa moja. Nikawaza, ah, seva haikuwa na kosa, nikapandisha hadi tatu. Halafu nikaikumbuka ile "umewasha data?", nikarudi kwenye moja.