Kigauni ndani ya foronya

Riwaya hii niliinunua ya mtumba pale Mwanga, imechomoka jalada. Nimewasomea wenzangu kwa sauti hapa Kibirizi, ufukweni Kigoma, tukilinda dagaa vichanjani wasiliwe na kunguru.

Mwanamke anahamia mji wa ugenini, anaolewa, na hamwambii mumewe kwamba alishazaa na mtoto yuko kwa bibi. Kigauni cha mwanawe amekificha ndani ya foronya. Kila akilala, kifungo kinamgusa shavu. Hapo sauti ilinikatika, ikabidi wifi anipokee kitabu.

Wifi huyohuyo ndiye aliyewaka: "Angesema siku ya posa, yakaisha!" Shangazi akamjibu taratibu, "Angesema, mwanangu, nani angemposa?" Tukanyamaza, yakabaki mawimbi tu. Mimi niko na shangazi.

Mwisho umeniudhi kwa kweli. Mume anasamehe ndani ya kurasa mbili, na mtoto, aliyengoja miaka yote ile, haulizwi neno! Mwandishi amemtupa.

Hata hivyo inunueni. Nakala yangu iko Ujiji kwa shangazi, anairudia mara ya pili, na sijathubutu kumuuliza kwa nini.