Batian kwa kamba: tathmini ya njia na huduma za kupanda Mlima Kenya

Anayetafuta kampuni ya kumpandisha Mlima Kenya atakuta matangazo mengi yanayomwahidi kilele, na karibu yote huwa yanazungumzia Point Lenana, kilele cha tatu kwa urefu, chenye mita 4,985, ambacho hufikiwa kwa miguu bila kamba. Safari ya Lenana ni safari nzuri. Hata hivyo, kilele cha mlima huu ni Batian, mita 5,199, na jirani yake Nelion, mita 5,188, na viwili hivyo havipandwi ila kwa kamba na kwa mtu anayeijua kazi ya mwambani. Tathmini hii inahusu huduma hiyo ya pili, inayouzwa na kampuni chache na ambayo wanunuzi wengi huilipia bila kujua waulize nini. Mlima wenyewe naupa alama zote. Huduma zake nazipa alama kwa mikono miwili tofauti, kwa sababu nimeiona iliyo bora na nimeiona isiyostahili kuitwa huduma.

Wapo wanaodhani kwamba aliyefika Uhuru, juu ya Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, hawezi kushindwa na Batian ambayo ni fupi kwa karibu mita 700. Urefu haupimi ugumu. Kibo, sehemu ya Kilimanjaro yenye kilele hicho, hupandwa kwa kutembea tangu lango la hifadhi hadi juu, ilhali Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana, na mmomonyoko umeula mlima wa nje hata ukabaki wazi ule mwamba ulioganda ndani ya koo lake. Mabaki hayo ndiyo Batian na Nelion, minara miwili ya mwamba mgumu isiyo na ubavu hata mmoja wa kutembea. Halford Mackinder alifika juu ya Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, wenyeji wa milima ya Alps aliowaleta makusudi kwa kazi hiyo. Baada yao ilipita karibu miaka thelathini kabla ya Eric Shipton na Percy Wyn-Harris kufika tena, Januari 1929, wakiwa pia watu wa kwanza kusimama juu ya Nelion. Mlima wenye historia ya namna hiyo hauwezi kuuzwa kama matembezi ya mwisho wa wiki, na kampuni inayouza hivyo inamdanganya mteja kabla hajavaa viatu.

Swali la kwanza la kuipimia kampuni ni hili: mwezi huu tunapanda upande gani? Mlima uko kusini kidogo tu ya Ikweta, kwa hiyo jua linapokuwa upande wa kaskazini, katikati ya mwaka, uso wa kaskazini hukauka na kupata joto huku uso wa kusini ukishikwa na theluji na barafu, na linapohamia kusini hali hugeuka, na kufikia mwishoni mwa Desemba huwa imegeuka kabisa. Ndiyo maana njia ya kawaida ya Nelion, iliyo upande wa kusini mashariki, ni njia ya Januari na Februari, na njia ya kawaida ya uso wa kaskazini wa Batian ni ya Julai, Agosti na Septemba. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka hazifai kwa mwamba hata kidogo. Hata katika majira mema, asubuhi huwa nyeupe, mawingu hupanda kufikia adhuhuri, na alasiri huweza kunyesha mvua ya mawe au theluji, kwa hiyo mwongozaji anayeijua kazi yake huwa mwambani alfajiri. Kampuni inayopokea fedha za uso wa kaskazini kwa mwezi wa Januari bila neno la tahadhari ama haiujui mlima ama inaujua na haijali, na yote mawili yanatosha kuikataa.

Kabla ya mwamba kuna njia za kutembea, na ubora wa njia hizo huamua mtu atafika kwenye mwamba akiwa na nguvu gani. Naro Moru, inayoingilia upande wa magharibi, ndiyo fupi kuliko zote na ndiyo inayopendwa na wenye haraka. Gari huweza kufika hadi kituo cha hali ya hewa kwenye mita 3,050, kisha msafiri huvuka kinamasi kikali cha mteremko na kufika Mackinder's Camp, mita 4,200 hivi, katika bonde la Teleki. Siipendekezi. Mtu aliyelala Nairobi juzi hana mwili ulio tayari kulala kwenye mita 4,200 leo, na maumivu ya kichwa, kutapika na, katika hali mbaya zaidi, maji kujaa mapafuni ndiyo malipo ya haraka hiyo. Dawa yake ni kushuka mara moja, na aliyelipia siku chache huona uchungu kushuka.

Sirimon, inayoanzia karibu na Nanyuki, ni njia ya kiasi na yenye ukame zaidi. Lango liko kwenye mita 2,650, usiku wa kwanza hulaliwa Old Moses kwenye mita 3,300, na siku inayofuata hupandwa bonde la Mackinder, kati ya mimea ya lobelia na senesio iliyozidi kimo cha mtu, hadi Shipton's Camp, mita 4,200 hivi, chini kabisa ya uso wa kaskazini. Kwa anayetaka Batian hii ndiyo njia ya kuingilia, kwa sababu siku ya kupumzika Shipton's humpa nafasi ya kuuchunguza mwamba atakaoupanda na kuzoea hewa kwa wakati mmoja. Mwongozaji asiyeipanga siku hiyo ya kupumzika aulizwe sababu.

Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na sioni haya kusema kwamba sijaona matembezi mengine ya mlima katika nchi yetu yanayoikaribia. Hupita msitu na mianzi, ikafika Ziwa Ellis, kisha ikatembea juu ya ukingo wa bonde la Gorges, ambapo mtu husimama juu ya jabali liitwalo The Temple na kuliona Ziwa Michaelson likiwa chini kabisa ya miguu yake. Mwinuko wake ni wa taratibu, nafasi za kuweka hema ni nyingi, na watu ni wachache kuliko Naro Moru na Sirimon. Udhaifu wake uko kwenye barabara ya kutoka mji wa Chogoria hadi langoni, ambayo wakati wa mvua haipitiki ila kwa gari la magurudumu manne lenye dereva anayeizoea, na gharama ya gari hilo mara nyingi haimo katika bei iliyotangazwa.

Sasa mwamba. Njia ya kawaida ya Nelion huanzia Austrian Hut, kwenye mita 4,790, ambako mtu huondoka gizani, akavuka mabaki ya mto wa barafu uitwao Lewis na kuanza kupanda jua linapochomoza. Ni kupanda kwa daraja la nne kwa hesabu za wapanda miamba, wala si kugumu kwa aliyejizoeza kwenye miamba ya Hell's Gate au Lukenya. Tatizo ni urefu wa njia, wembamba wa hewa na mzigo wa mgongoni, na pia kuijua njia yenyewe, kwa sababu mwamba umejaa mifereji inayofanana na kosa moja humpeleka mtu mahali pasipo na kurudi kwepesi. Juu ya Nelion kipo Howell Hut, kijumba cha bati alichokijenga Ian Howell mwaka 1970, kinachotosha watu wachache wakibanana, na sijui kitu kingine chochote kwenye mlima huu kilichowafaa wapandaji kiasi hicho. Kutoka hapo hadi Batian ni karibu sana kwa macho, lakini katikati kuna pengo linaloitwa Gate of the Mists, ambalo ni la kushuka kwa kamba kwenye barafu na kupanda tena, nalo hula saa kadhaa. Wengi huishia Nelion kwa sababu hiyo. Mkataba useme wazi kama bei ni ya Nelion peke yake au ya vilele vyote viwili, kwa kuwa ni kazi mbili tofauti.

Njia ya uso wa kaskazini, iliyopandwa kwanza na Arthur Firmin na mwenzake Hicks mwaka 1944, humfikisha mtu Batian moja kwa moja, na kwangu ndiyo njia bora ya kilele hiki. Mwamba wake ni imara, sehemu zake za chini hupandwa upesi, na ugumu wake mkubwa umo katika Firmin's Tower, mnara ambapo kiongozi wa kamba huonyesha kama anastahili nafasi yake. Nchi ya Ikweta haina siku ndefu. Mwanga ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na wapandaji wasio na kasi hujikuta wakilala mwambani. Mpango ninaousifu ni ule wa kupanda kaskazini, kuvuka pengo hadi Nelion, kulala Howell Hut na kushuka kesho yake upande wa kusini mashariki, ambako vituo vya kufungia kamba vimewekewa vyuma imara. Unahitaji mwongozaji aliyezijua pande zote mbili, na hao ni wa kuhesabika.

Njia za barafu sitazitolea alama, na hilo nalisema kwa huzuni. Diamond Couloir, ufa wa barafu uliopandwa kwanza na Phil Snyder na Thumbi Mathenge mwaka 1973, uliwaleta hapa mabingwa wa nchi nyingi, lakini barafu yake imepungua sana na sehemu ya chini mara nyingi haipo. Barafu ya Lewis nayo ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Anayeonyeshwa picha za zamani za Diamond Couloir katika tangazo la safari ya leo aombe picha za mwaka huu.

Niliyoyaona kwa wauzaji wa huduma hii ni ya namna mbili. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliniahidi mwongozaji wa mwambani, ikapokea malipo ya awali, na tulipofika Shipton's ikadhihirika kwamba yule kijana, mwema na hodari wa kutembea, hakuwahi kuongoza kamba juu ya uso wa kaskazini. Kamba yenyewe ilikuwa imechakaa hadi ganda lake la nje limechanika, na helmeti zilikuwa pungufu. Tuliishia Lenana, na ofisi ikasema kwamba kilele tumepewa. Safari nyingine niliafikiana na mwongozaji wa Nanyuki anayefanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Kabla ya kuzungumzia bei alinihoji nimepanda wapi na naweza kumshikia kamba mtu anayeanguka au siwezi, kisha akataka tukutane kwenye mwamba mdogo anitazame nikipanda. Vyombo vyake vilikuwa safi na vya umri unaojulikana, na alitamka mapema saa ambayo tungegeuka hata kama kilele kingekuwa karibu. Nilimlipa zaidi ya nilivyoilipa ile kampuni, na kila shilingi ilikuwa halali yake.

Kuhusu malazi na chakula sina mengi. Old Moses na Shipton's ni mabweni ya vitanda, yenye baridi na kelele za pimbi nje, yanayotosha. Anayependa faragha abebe hema. Austrian Hut ina hewa nyembamba mno kwa usingizi. Mpishi mzuri hujua kwamba maji huchemka kwa joto la chini kwenye mwinuko huo na kwamba maharage hayaivi, kwa hiyo huleta wali, viazi na supu, na chai isiyokatika. Kwa wapagazi nitasema zaidi. Nimewaona wakipanda kuelekea Shipton's kwa viatu vya plastiki na sweta moja, wamebeba mizigo ya watu waliovaa makoti ya bei kubwa, na kampuni inayoruhusu hali hiyo haiwezi kupata alama nzuri kwangu hata kama kamba zake ni mpya. Mteja ana haki ya kuuliza mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku na analala wapi, na jibu la haraka lenye takwimu ni dalili njema.

Uokoaji ni jambo la kuulizwa kabla ya safari. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina kikosi chake cha uokoaji upande wa Naro Moru, lakini mtu aliyevunjika juu ya mwamba haondolewi kwa saa chache. Mwaka 1970 daktari kutoka Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, na ilichukua zaidi ya juma moja kumteremsha hai, kwa jasho la wanachama wa Mountain Club of Kenya na waokoaji waliosafiri kutoka Austria. Rubani wa helikopta, Jim Hastings, alipoteza maisha katika kazi hiyo. Kwa hiyo bima inayotaja kupanda kwa kamba kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 5,000 ni ya lazima, na nyingi za kawaida hazitaji.

Kwa anayepanga mwaka huu, pendekezo langu ni kuingilia Sirimon mwezi wa Agosti, kupumzika siku nzima Shipton's, kupanda uso wa kaskazini na kushuka kupitia Nelion, kisha kutokea Chogoria. Ada za hifadhi zilipwe kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na stakabadhi ibaki mikononi mwa mteja mwenyewe. Mwongozaji atafutwe miezi kadhaa mapema, kwa maana wale wa kamba huwa wamekwisha kuchukuliwa ifikapo Juni, na gari la kuwapokea langoni Chogoria liafikiwe kwa siku mbili za akiba, kwa sababu mwamba ukiwa na theluji mpya itabidi kungoja chini yake.