weeWX 5 kwenye Linux: programu imara, usakinishaji wenye mitego

weeWX ni programu huria inayosoma kituo cha hali ya hewa, kuhifadhi vipimo na kutengeneza kurasa za wavuti zenye chati. Imeandikwa kwa Python, aliyeianzisha ni Tom Keffer, na hulipii hata shilingi moja. Tathmini hii inahusu toleo la 5, lililotoka Januari 2024, kwenye Debian 12 na Raspberry Pi OS, mfumo wa Linux wa kompyuta ndogo za Raspberry Pi. Vituo vinavyozungumziwa ni vya aina mbili: Davis Vantage inayounganishwa kwa USB, na vile vya bei nafuu vya Fine Offset kama WH1080, ambavyo huuzwa kwa majina mengi tofauti.

Hukumu ni hii: ikishakaa sawa, inakwenda miezi bila kuguswa. Taabu iko siku ya kuiweka. Na mara nyingi kosa si la weeWX yenyewe, ni saa ya kompyuta, ruhusa za mafaili, au tundu la USB. Ila waandaaji nao wana lawama yao, kwa sababu wameacha njia mbili za kusakinisha ambazo hazipatani.

Njia ya kwanza ni apt, kisakinishi cha programu cha Debian chenyewe. Mipangilio inakaa /etc/weewx/weewx.conf, hifadhidata inakaa /var/lib/weewx/weewx.sdb, na kurasa zinatoka /var/www/html/weewx. Njia ya pili ni pip, kisakinishi cha Python, ambayo huweka kila kitu kwenye folda ya weewx-data ndani ya nyumbani kwako. Anayejaribu apt, akakwama, akahamia pip bila kufuta ya kwanza, anabaki na weewx.conf mbili. Anahariri moja, huduma inasoma nyingine, kisha analalamika kwamba mabadiliko hayaonekani. Kujua ipi inatumika ni amri mbili tu:

systemctl cat weewx
which weectl

Kama moja inaonyesha mafaili ya apt na nyingine ya pip, ondoa usakinishaji mmoja kabla ya kugusa kitu kingine. Kwa kituo cha kuachwa shuleni au shambani, chagua apt. Huanza yenyewe umeme ukirudi, na hainunui ugomvi na Python ya mfumo. Anayeng'ang'ania pip kwenye Debian 12 atakutana na ujumbe "externally-managed-environment". Hiyo si hitilafu, mfumo unamtaka atengeneze kwanza mazingira ya pekee kwa python3 -m venv. Akimaliza asisahau kuendesha setup-daemon.sh iliyo ndani ya weewx-data/scripts, la sivyo hakutakuwa na huduma wala kanuni za USB.

Jihadhari pia na maelekezo ya zamani. Ukiona wee_config, wee_device au wee_extension, hayo ni ya toleo la 4. Kwenye la 5 kazi zote zimehamia weectl. Kubadilisha aina ya kituo, kwa mfano, sasa ni:

sudo weectl station reconfigure

Sasa saa. Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa yake kabisa, na hata Pi 5 inahitaji betri inayouzwa kando. Umeme ukikatika saa sita usiku ukarudi alfajiri, Pi inaamka ikidhani bado ni saa sita usiku mpaka ipate intaneti. Dalili ya kwanza inaweza kutokea hata kabla ya weeWX: apt inakataa kwa kusema "Release file is not valid yet". Ya pili ni weeWX kusimama kwenye "Waiting for sane time", yaani saa ya kompyuta iko nyuma ya tarehe ya faili la mipangilio.

Mbaya zaidi ni ile isiyotoa dalili. weeWX hailinganishi saa na ulimwengu, inalinganisha na faili lake tu, kwa hiyo saa iliyochelewa kwa muda mfupi inapita. Kisha sehemu ya mipangilio iitwayo StdTimeSynch, ambayo kwa kawaida hukagua kila sekunde 14400, inachukua saa hiyo mbovu na kuirekebishia konsoli ya Davis (kisanduku chenye skrini ya vipimo) iliyokuwa sahihi. Kumbukumbu za usiku ule zinavurugika na mvua inahesabiwa siku isiyo yake. Dawa ni moduli ya saa ya DS3231 yenye betri, iunganishwe kwenye pini za I2C, kisha mstari huu uongezwe ndani ya /boot/firmware/config.txt:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Halafu weka ukanda wa saa kwa sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala. Ukiuacha kwenye UTC, siku ya weeWX itaanza saa tisa usiku kwa saa zetu. Na hata ukishaweka sawa, usishangae jumla ya mvua isipolingana na ya mtu anayesoma kipima mvua cha mkono: yeye husoma saa tatu asubuhi, weeWX hufunga siku usiku wa manane. Wote wawili wako sahihi.

USB ndiyo inayokula muda mwingi. Anza na lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Loga ya Davis, kifaa chake cha kuhifadhi data, huonekana kwa namba 10c4:ea60, Fine Offset kwa 1941:8021. Kama namba haipo, acha programu, badilisha waya. Nyaya nyingi za kuchajia simu hazina nyuzi za data. Kama namba ipo lakini weeWX inasema "Permission denied", kumbuka toleo la 5 lililowekwa kwa apt haliendeshwi tena na root (mtumiaji mkuu) bali na mtumiaji aitwaye weewx, na kanuni za udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa, zinazompa ruhusa hufanya kazi pale kifaa kinapochomekwa. Chomoa, chomeka tena. Hatua hii ndogo inarukwa kila mara.

Kwa Davis kuna wezi wawili wa tundu. Wa kwanza ni brltty, programu ya vifaa vya Braille, ambayo kwenye Ubuntu 22.04 hushika vifaa vya 10c4:ea60 ikidhani ni vyake. Utaiona kwenye dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa kiini cha Linux: cp210x, dereva ya loga hiyo, inaunganishwa kisha inatupwa papo hapo, na /dev/ttyUSB0 inatoweka. Iondoe kwa sudo apt remove brltty, ila tu kama hakuna asiyeona anayeitegemea kwenye kompyuta hiyo. Wa pili ni modemu ya intaneti ya USB, hizi za laini ya simu. Modemu moja inaweza kuchukua ttyUSB0, ttyUSB1 na ttyUSB2, na Davis ikasukumwa hadi ttyUSB3. Leo kituo kinasoma, kesho baada ya kuwasha upya hakisomi, na logi imejaa ujumbe wa kushindwa kuiamsha konsoli. Usitumie namba hizo kabisa. Angalia ls /dev/serial/by-id, nakili jina refu lililopo, uliweke kwenye mstari wa port chini ya [Vantage]. Jina hilo halibadiliki hata uchomeke modemu tatu.

Fine Offset ina ugonjwa wake: USB ya konsoli hufa ganzi pale kompyuta inaposoma kumbukumbu wakati uleule konsoli inapoandika. Kuwasha upya Pi hakusaidii. Inabidi uchomoe waya, utoe betri za konsoli, usubiri kidogo, urudishe. Kupunguza tatizo, weka polling_mode = ADAPTIVE chini ya [FineOffsetUSB], ili programu ikwepe nyakati za kuandika. Haliishi lote. Kwa kituo kilicho mbali, ambako mtu wa kwenda kutoa betri hapatikani, vifaa hivi havifai, na hilo weeWX haiwezi kulirekebisha.

Ukitaka kujua kama tatizo ni la kifaa au la huduma, simamisha huduma kwa sudo systemctl stop weewx, halafu endesha sudo weewxd mbele ya macho yako. Mistari ya LOOP (vipimo vya papo hapo) ikitiririka, mawasiliano yapo. Ndani ya dakika 5 ukiona REC (rekodi ya kuhifadhiwa), hifadhidata nayo inaandikwa. Ila kuiendesha kwa sudo kunaweza kuacha mafaili yenye mmiliki root, na huduma ikianza tena inalalamika "attempt to write a readonly database". Rudisha umiliki:

sudo chown -R weewx:weewx /var/lib/weewx /var/www/html/weewx

Wengi huanza na Simulator, kituo cha kubuni kinachokuja na programu, na ni wazo zuri. Ubaya ni kwamba data zake za uongo hubaki kwenye weewx.sdb na kuchanganyika na za kweli, mpaka chati ionyeshe Mbarara ikiwa chini ya sifuri. Kabla ya kuunganisha kituo halisi, simamisha huduma na ufute faili hilo.

Kisha kuna makosa yasiyoleta ujumbe wowote. Mwinuko ndio mkubwa. Kampala iko karibu mita 1190 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo halisi la hewa huko ni kama hPa 880. Ukiacha mwinuko kuwa sifuri, Fine Offset itatangaza 880 kama shinikizo la usawa wa bahari, namba ambayo hata kimbunga hakiifikii kirahisi. Andika altitude = 1190, meter kwenye weewx.conf. Davis hupiga hesabu hiyo ndani ya konsoli, hivyo iambie konsoli yenyewe, na hutaka futi:

sudo weectl device --set-altitude=3904

Latitudo nayo ina alama. Ukishapita mstari wa ikweta pale Kayabwe kuelekea Masaka, namba inakuwa hasi. Karibu na ikweta saa za jua kuchomoza hazitabadilika sana ukikosea, lakini kwenye ramani za mtandaoni kituo chako kitakaa upande usio wake.

Kipima mvua cha Davis kilichonunuliwa Marekani hupinduka kila inchi 0.01, sawa na mm 0.254, cha soko la kwingine ni mm 0.2. Konsoli ikidhani ni kimoja ilhali ni kingine, unakosa karibu sehemu moja ya tano ya mvua au unazidisha zaidi ya robo. Chaguo la --set-bucket la weectl device ni 0 kwa inchi 0.01 na 1 kwa mm 0.2. Kwa kurasa, chagua mfumo wa vipimo wa metricwx badala ya metric, kwa sababu metric huonyesha mvua kwa sentimita, na hapa hakuna mkulima anayehesabu mvua kwa sentimita.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, hifadhidata inaweza kuharibika na logi itasema "database disk image is malformed". Usifute. Simamisha huduma, kisha:

sudo sqlite3 /var/lib/weewx/weewx.sdb ".recover" | sqlite3 /tmp/mpya.sdb

Weka faili jipya mahali pa la zamani, rudisha umiliki kwa chown ile ile. Pi inayozimika ovyo, ikague chaja kwa vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa tofauti na 0x0, soma tarakimu zake, kwani 0x50000 maana yake umeme ulishuka chini ya kiwango tangu ilipowashwa.

Asiyependa kuandika amri anaweza kuitazama CumulusMX, nayo inakwenda kwenye Linux na mipangilio yake hufanywa ndani ya kivinjari. Anayebaki na weeWX na bado amekwama, aweke debug = 1, awashe huduma upya, asubiri REC ya kwanza, kisha achukue logi nzima kwa journalctl -u weewx kuanzia mstari wa kuanza. Kipande cha mistari mitatu ya mwisho hakimsaidii yeyote, kwa sababu kosa lenyewe huwa limeandikwa juu kabisa, pale programu inapotaja faili la mipangilio ililolisoma na dereva (sehemu inayozungumza na kituo) iliyoipakia.