TAHADHARI: Kalipa za breki "mpya" zinazouzwa Tanga mjini ni mtumba uliopigwa rangi

Wakuu, hasa nyie wenye pikapu za kubeba samaki wa Deep Sea na machungwa ya Muheza, kuna kalipa za breki (kile kifaa chenye pistoni inayosukuma pedi zibane diski ya gurudumu) zinauzwa huku Ngamiani kwa jina la "mpya, orijino, Japani". Si mpya. Mimi ni fundi, zimeshaletwa gereji kwangu zaidi ya mara moja, na ya mwisho niliifungua mwenye gari akiwa amesimama pembeni ajionee mwenyewe.

Kwa nje inavutia: rangi ya fedha, boksi safi, stika juu. Ila rangi imepulizwa mpaka juu ya raba ya vumbi na kwenye nyuzi za niple ya kutolea upepo. Kiwandani hawapaki hivyo. Nikakwangua kwa bisibisi, chini kutu tupu. Pistoni ilipochomoka ilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na raba yake ya ndani imevimba kwa sababu aliyeikarabati alipaka grisi ya beringi. Raba ya breki na grisi ya namna hiyo haviendani kabisa.

Raba hiyo ndiyo inayoirudisha pistoni nyuma kidogo ukiachia pedeli. Ikiharibika, pistoni inabaki mbele, pedi zinaendelea kusugua diski, na wewe unaendesha gari limeshika breki. Huyo mwenye gari niliyemfungulia alishuka na mboga kutoka Lushoto. Kufika Mombo tairi moja la mbele linafuka moshi na pedeli imekuwa laini. Mafuta ya breki yalishachemka. Mnaoijua ile barabara na kona zake mnaelewa angeweza kuishia wapi.

Sasa mchezo wenyewe. Gari likianza kuvuta upande mmoja na rimu moja kuwa ya moto, kuna mafundi hawapimi chochote. "Kalipa imekufa, nenda duka fulani, sema nimekutuma mimi." Fungu lake analichukua jioni. Na mara nyingi kalipa ya zamani haikuwa na kosa.

Kabla hujatoa hela, mwambie apime ukiwepo. Breki zipoe kwanza, matairi mengine yawekewe mawe, gurudumu linyanyuliwe na jeki. Likanyagiwe breki, liachiwe, lizungushwe kwa mkono. Likiwa gumu, alegeze niple ya kalipa. Likiendelea kukaza, tatizo liko kwenye kalipa yenyewe: pistoni, au pini zake za kutelezea zimeshika kutu. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, kuna presha imefungiwa huko nyuma. Hapo afunge niple, akanyage tena, halafu alegeze pale bomba la chuma linapoungana na hosipaipu. Kama hapo halilegei lakini kwenye niple lilegea, hosipaipu imevimba kwa ndani, inapitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Likilegea hapo kwenye bomba, apande juu kwenye masta silinda, ile pampu kuu ya breki. Akimaliza atoe upepo na aongeze mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la gari lako.

Pini zilizokamata hazihitaji kalipa mpya. Zinachomolewa, zinasafishwa, zinapakwa grisi maalumu ya silikoni, raba zikichanika zinabadilishwa. Pistoni ikiwa haijaliwa na kutu, raba mpya zinatosha. Magari ya samaki, yale maji ya chumvi yanayochuruzika ndiyo yanayomaliza pini, kwa hiyo osha na chini ya gari.

Mnaolazimika kununua, vueni raba ya vumbi pale pale kaunta mwangalie pistoni. Muuzaji akikataa, ondokeni. Huyu anayeuza hizi za Ngamiani akidaiwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anasema mashine inasumbua, na ukirudi na mzigo anasema spea za breki hazirudishwi. Ukimbana zaidi anakwambia fundi wako ndiye kaiharibu.

Aliyekwisha kuuziwa asiitupe wala asiioshe. Iweke na boksi lake, stika na ujumbe wa malipo ya simu, upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia. Ukitaka fundi aifungue na kupiga picha kabla hujaipeleka, njoo nayo, sitakutoza.