Waya wa elfu kumi ulivyonikalisha ofisini mpaka usiku

Mimi nashuti na kuediti video za harusi, ofisi yetu iko Kijitonyama, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaza habari za waya mpaka siku nilipopoteza kale kawaya kafupi kalikokuja na SSD yangu, ile diski ndogo ya nje ninayotunzia video. Kalikuwa kama sentimita 20 hivi, tulikuwa kwenye send-off huko Bunju, kakabaki meza ya DJ au sijui wapi. Nikasema aah, waya tu huo, Kariakoo si zimejaa.

Jumatatu nikaenda mtaa wa Aggrey, duka la kwanza tu nikaomba waya wa Taipu C kwa Taipu C, nikapewa mmoja mnene, mweusi, umesukwa nailoni, ukiushika unasema hapa kweli kuna kitu. Muuzaji ananiambia bosi huu ni fasta, wati 100, orijino kabisa. Elfu kumi. Nikalipa nikasepa.

Jioni nachomeka SSD nihamishe mzigo wa harusi, GB 200, laptopu inaniandikia imebaki saa moja na dakika ishirini na kitu. Nikadhani imechanganyikiwa, maana mzigo kama huo ulikuwa unaisha chai haijapoa. Nikazima nikawasha, nikahamisha tundu, nikaanza kuitukana SSD ya watu haina hata kosa, na mama wa bibi harusi nae anapiga, "mwanangu, ile video ya kuwarushia ndugu zetu Songea imefikia wapi?" Namwambia inakuja mama, huku naangalia ule mstari unavyojikokota.

Kumbe zile wati 100 ni habari za chaji tu, kwenye data ule waya ni USB 2.0, toleo la zamani la USB, yaani megabiti 480 kwa sekunde, na usisikie 480 ukafurahi, hizo ni biti, gawanya kwa nane unabaki na megabaiti 60 za kwenye makaratasi, kwenye kazi unaona 35 mpaka 40. SSD yangu ni ya gigabiti 10! Kichwa cha Taipu C kina pini 24 ila waya wa chaji humo ndani wameunga chache tu, za umeme na jozi moja ya data, zile jozi za spidi hazipo kabisa, kwahiyo hakuna setingi utakayobonyeza ikakuokoa.

Sasa hapa ndo nilichoka zaidi. Jamaa yangu wa grafiksi akaniazima waya wake wa Thunderbolt 3, ile njia ya kuunganisha vifaa kwa spidi kubwa kuliko USB ya kawaida, mita mbili, wa bei mbaya, una alama ya radi na namba 3 pembeni, akanambia huo ni gigabiti 40 utakimbia mpaka uchoke. Nikachomeka, spidi ni ileile ya waya wa elfu kumi! Tulicheka kwa uchungu. Ni kwamba toka 2015 Thunderbolt ilipohamia kwenye kichwa hikihiki cha Taipu C kila kitu kinafanana kwa nje, halafu zile Thunderbolt 3 ndefu zina chipu ndani ya kusukuma mawimbi yasife njiani, na nyingi ukizipa kifaa cha USB cha kawaida kama SSD yangu zinashuka mpaka USB 2.0. Kwake yeye waya hauna shida, ana doki ya Thunderbolt, kile kiboksi cha kuunganishia vifaa vingi, skrini mbili na hadi diski zake zote zinapita tundu moja, hela yake imefanya kazi. Thunderbolt 4 ndo wamerekebisha, mita mbili na USB bado inakimbia, ila bei yake kwa kazi yangu hapana.

Nikarudi Kariakoo, safari hii na laptopu, SSD na faili moja la GB 10. Nikamwambia muuzaji nautesti hapahapa kaunta, kwanza akanuna, "kaka huu ni waya jamani, siyo simu", nikamwambia ukipita nalipa sasa hivi siombi punguzo. Akakubali. Wa kwanza, nusu dakika faili halijafika hata robo, nikachomoa. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu mfupi, nusu mita, kichwani wameandika 10 kakidogo mpaka uinamishe kwenye taa ndo unakaona, faili likapita sekunde kumi na kitu, yule kaka mwenyewe akasogea kuangalia skrini akasema "eeh, kumbe". Elfu thelathini na tano. Alikuwa nao pia wa 40 kwa elfu tisini nikaukataa, SSD ya gigabiti 10 hata uifunge waya wa 40 itatoa kumi zake tu.

Mwezi wa tatu huu natumia, GB 200 zinakata dakika nne tano hivi, SSD ikipata moto inapunguza kidogo. Kasoro yake ni ufupi, inabidi SSD ilale kichwani kwa laptopu, na kichwa kimoja kimeanza kulegea.

Nimeupaka rangi ya kucha ya wife, nyekundu, usichanganywe na nyaya zingine za ofisi. Juzi naingia asubuhi namkuta dogo wetu wa kamera kauchomeka kwenye simu anachajia, ule wa elfu kumi kaufungia kwenye begi la SSD.