Kupima mtanuko wa zege: maabara au barabarani?

Bamba la zege la mita 5, tuseme kwenye njia ya mwendokasi ya Barabara ya Morogoro, joto likipanda nyuzi 20 hurefuka takriban milimita 1. Maabara, silinda ya zege iliyoshiba maji hupashwa ndani ya maji kutoka nyuzi 10 hadi 50 huku kihisi kikisoma urefu wake. Ila fremu ya chuma inayoshikilia silinda na kihisi nayo hutanuka, na asiyeisahihisha huishia kupima chuma. Kihisi kilichofukiwa barabarani huonyesha hali halisi, lakini mvua za masika na msuguano wa tabaka la chini huchanganyika na joto. Kwa kuchagua kokoto, ningeanzia maabara: zege la mawe ya chokaa kwa kawaida hutanuka pungufu ya lile la mawe ya kwatsi (quartz), na silinda hulionyesha hilo kabla lori la kwanza halijamwaga zege.