Gita la nyuzi 12 lenye kovu shingoni: miezi minane nikilipiga

Ukikaa Malindi utazoea kuona vitu vya Waitaliano vikiuzwa. Mwenye nyumba akilichoka jua hurudi kwao, na wiki hiyohiyo vitanda, friji na mashine za kahawa zimetapakaa madukani. Hivyo ndivyo nilivyolikuta gita hili, Eko Ranger la nyuzi 12, limeegemezwa ukutani nyuma ya magodoro katika duka la vitu vilivyotumika. Nyuzi zilizosalia zilikuwa saba, zote kutu tupu.

Eko ni watu wa Recanati, Italia, walioanza mwaka 1959. Ranger ilitoka kwenye miaka ya 1960 kuelekea mwisho, na haikuwa gita la kitajiri. Uso wake ni plaiwudi na shingo imefungwa kwa skrubu kwa nyuma, kama gita la umeme. Wenye magita ya bei huyacheka hayo mawili. Mimi ndiyo yaliyonisimamisha: plaiwudi haipasuki ovyo kwa unyevu wa huku kwetu, na shingo ya skrubu hufunguliwa na yeyote mwenye bisibisi.

Tatizo ni kwamba liliwahi kuvunjika. Chini kidogo ya kichwa kulikuwa na mstari wa kahawia uliokwenda mshazari, urefu wa kidole cha kati. Muuzaji hakuficha. "Hili lilianguka zamani, likatiwa gundi, kwa hivyo nakupunguzia," akasema. Alitaka Sh25,000. Kisha akaligeuza nione uso. "Lakini huku tumelifanya jipya kabisa, bwana." Kweli, vanishi ilikuwa inang'aa kama gari la bwana harusi.

Nilimpigia rafiki yangu anayepiga mahotelini Watamu. Akaniambia achana nalo, shingo ikishavunjika basi. Kwa wakusanyaji ana haki. Hata Gibson ya zamani, gita la bei la Marekani ambalo huvunjika palepale kwa sababu kichwa kimelala nyuma na mbao pale ni nyembamba, hupoteza karibu nusu ya bei yake hata ikitengenezwa vizuri. Lakini mimi nanunua nipige. Ufa wa mshazari mrefu una nafasi pana ya gundi kushika, na kama umevutwa na nyuzi miaka mingi bila kufunguka, mtihani umeshapita. Nilipitisha ukucha juu ya mstari, haukukwama. Nikafumba jicho moja nikaitazama shingo kutoka kichwani, vile seremala anavyotazama ubao. Imenyooka.

Basi tukashikana bei hadi Sh18,000, akaniandikia karatasi ya kununua (msiache hili, vitu vya nyumba zilizofungwa vina maneno), nikapanda tuktuk nikiwa mshindi. Na simu yenye tochi ilikuwa mfukoni muda wote. Sikuwaza kumulika ndani.

Seti ya nyuzi 12 sikuipata Malindi, ikaja kwa basi kutoka Mombasa. Nilizitia jioni, nikatuni, nikapiga mpaka majirani wakagonga ukuta. Asubuhi daraja, kile kibao cha usoni zinapokalia nyuzi, lilikuwa limeinuka nyuma. Nilichukua risiti ya nyuzi nikaisukuma chini yake, ikaingia kama barua chini ya mlango. Kufika adhuhuri uso ulikuwa umefura kama andazi. Nyuzi sita za kawaida huvuta kilo 70 hivi. Hizi 12 zinapita 100, na uso mzima ulikuwa unategemea vanishi.

Ndipo nikachukua tochi na kioo cha kunyolea. Mbavu mbili za ndani, vile vijiti vya mbao vinavyoutegemeza uso, zilikuwa zimebanduka. Ya tatu haikuwepo, mahali pake pametiwa kipande cha kreti chenye herufi za bluu bado zinasomeka, na gundi nyeupe imeganda kandokando kama uji uliomwagika. Juu, karibu na daraja, msasa ulikuwa umelila tabaka la kwanza la plaiwudi mpaka la pili linachungulia. Yote hayo yalikuwa chini ya ule mng'aro nilioupenda.

Nilirudi dukani. Muuzaji akasema yeye anauza tu, aliyetengeneza ni fundi wake. Baada ya chai tatu katika siku tatu alinirudishia Sh2,000, nami nikaona yaishe.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, fundi wa milango na vitanda, ambaye hajawahi kugusa gita maishani. "Ami, utaliweza?" nikamuuliza. Akaligonga kwa kidole sehemu mbalimbali, akisikiliza. "Mwanangu, sanduku ni sanduku." Mkono wake haukuingia kwenye tundu, kwa hivyo kazi ya ndani ilifanywa na mjukuu wake wa miaka tisa: babu ameshika kioo na taa, mtoto anapaka gundi na kuambiwa kushoto, kushoto, hapo. Mbavu zilibanwa kwa vijiti vya mwanzi vilivyokatwa vikaze kati ya uso na mgongo. Chini ya daraja alitia kibao chembamba cha mvule. Mwisho tukafungua skrubu za shingo, tukachomeka kipande cha plastiki cha laini ya simu ili shingo ilale nyuma kidogo na nyuzi zishuke. Siku nne, Sh4,500.

Sasa ni miezi minane, mvua za Mei zikiwemo. Kovu la shingo halijasogea hata unywele. Nalituni toni moja chini ya kawaida kuupunguzia uso mzigo, na nyuzi nazifuta kwa kitambaa kila nikimaliza, maana hewa ya bahari huzila katika wiki tatu. Sauti yake sijutii. Nyuzi hukaa mbilimbili, na jozi nne za sauti nzito zina uzi mnene na mwembamba unaolia juu yake, na nikikaa na mwenzangu wa udi, ambaye naye ana nyuzi za jozi, vyombo vinasikilizana kama watoto wa mama wadogo.

Gita nalipa saba kwa kumi. Duka nne, kwa ile karatasi na zile elfu mbili. Aliyepaka vanishi sifuri.

Limebaki jambo moja: freti sifuri, ule waya wa chuma ulio mwanzo kabisa wa shingo, imechimbwa na nyuzi na jozi ya pili inanguruma. Nikipata ya kubadilisha nitampelekea Ami. Kuna mbavu moja pia ningetaka aitazame tena, na hiyo tuiharakishe, mkono wa yule mtoto unakua.